Hapa Hatusemi "Laini"

Kabla hujageuza ukurasa, tuelewane. Yote yaliyomo katika sura hii ni kweli tupu, kweli ya kuapiwa, sijatia chumvi wala ndimu. Waliokuwepo wapo hai, wana macho na wana midomo. Kama mahali fulani utahisi mlima umezidi urefu au Sajini amezidi ujinga, mlaumu mlima, umlaumu na Sajini. Mimi nimeandika tu.

Haya.

Inspekta alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa karakana, sikio amelisogeza kwenye gurudumu la mbele la baiskeli ya Mshale, kama anayesikiliza tumbo la mjamzito. Mvua ilikuwa imekatika, lakini bati lilikuwa bado likidondosha matone mlangoni, moja moja, bila haraka. Baiskeli yenyewe ililala ubavu kando yake. Uma wa mbele ulikuwa umepinda, usukani umetazama nyuma.

Asubuhi hiyo, Mshale, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumpita katika kuteremka mlima ule kwa baiskeli, alikuwa amerushwa msituni akapiga mgongo kwenye gogo. Ulikuwa mteremko wa mazoezi tu, wa pili kwa siku hiyo. Mashindano yenyewe yalikuwa kesho yake. Na usidhani ni mteremko wa mzaha. Ni mlima ambao mbuzi huushuka wakiwa wamekaa kitako. Sasa Mshale alikuwa chumba cha upasuaji, na madaktari walikuwa hawajasema kama miguu yake itarudi kuwa miguu.

Aliyefunga tairi la mbele alikuwa Fundi, shemeji yake, mdogo wa mkewe wa tumbo moja. Fundi alikuwa chumba cha vipuri, mkono mmoja umetiwa pingu kwenye mguu wa meza. Gari la kumpeleka mahabusu mjini lilikuwa njiani. Lingefika jioni, na kama hadi hapo hapakuwa na maelezo mengine, angepanda kwa shtaka la kujaribu kuua. Kwa hiyo mke wa Mshale alikuwa na mume chini ya kisu cha daktari na ndugu chini ya pingu za Sajini, na hakuwa na mwingine wa tatu duniani.

"Afande, unatafuta nini humo?" Sajini aliuliza kutoka mlangoni, buti zake zimebeba nusu ya tope la mlima. "Tairi ndilo hilo. Kipara. Hata toroli la zege lina meno kuliko hilo."

Alisema kweli. Tairi lilikuwa na vimeno vifupi vilivyobanana, ukipapasa kama halina, tairi la njia kavu na ngumu. Inspekta alibonyeza ukucha kwenye mpira. Ukucha haukuacha alama.

"Kwa nini?" akasema.

Sajini akashusha pumzi. Si bure kule kituoni walimwita Bi Kwanini, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka akiwapo.

"Kwa nini nini, Afande?"

"Kwa nini upepo uko sawasawa? Nimeupima, haukuzidi, haukupungua. Kwa nini limefungwa likielekea mbele, kama alama ya ubavuni inavyotaka? Kwa nini maandishi ya tairi yamepangwa yakakaa sambamba na valvu? Tazama na la nyuma. Vilevile."

"Mazoea ya mkono."

"Mtu anayefunga tairi la kumuua shemeji yake, anajali maandishi?"

"Labda ni muuaji msafi, Afande. Wapo."

Kabla Inspekta hajasema kitu, marashi yaliingia. Meneja wa timu alifuata nyuma yake. Alikuwa mtu wa shati lililonyooka hata siku ya tope, na kila alipozungumza alishika saa yake ya mkononi, kama anayehakikisha bado ipo.

"Inspekta, nimeshaeleza mara ngapi? Baada ya mteremko wa kwanza mimi nilimpandisha Mshale kileleni kwa gari. Gurudumu la mbele tuliliacha huku chini kwa Fundi lirekebishwe. Likaletwa juu kwa pikapu, likafungwa, jamaa akashuka. Sasa Fundi kaweka nini, mimi nitajuaje?"

"Nani alilifunga kwenye baiskeli?"

"Mimi. Kukaza ekseli tu."

"Na hukuona kwamba ni kipara?"

"Inspekta, mimi ni mtu wa wadhamini na makaratasi. Kwangu mimi tairi ni duara."

"Mshale je? Yeye hana macho?"

"Mshale kabla ya kushuka hulala chali, taulo usoni, anaipitia njia yote kichwani. Ukimgusa, mmegombana. Wakiita jina lake anainuka, anavaa miwani, anapanda. Na kwa sababu ya mvua tulikuwa tumeweka madigadi kubwa mbele, la kuzuia tope. Angeona nini?"

"Mke wa Mshale anasema wewe ndiye uliyeagiza kipara kwa redio ya upepo."

Meneja alicheka kwa pua. "Yule mama yuko kwenye msiba kabla ya msiba. Anamtetea ndugu yake, nani atamlaumu? Redio yangu ilikufa betri tangu asubuhi. Kuhusu matairi sikusema neno hata moja. Andika hivyo."

Sajini aliandika hivyo, kwa mwandiko mzuri kupita kawaida.

Chumba cha vipuri kilinuka mpira na mafuta ya mnyororo. Fundi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Inspekta alivuta ndoo nyingine, akaketi magoti yao yakikaribia kugusana.

"Kaka, nani alikuambia ufunge kipara mbele?"

"Hakuna. Nilichagua mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nilidhani njia imekauka."

"Mvua imelitwanga bati lako tangu alfajiri, wewe upo chini yake, ukadhani njia imekauka?"

Fundi alitazama kiganja chake.

"Dada yako anasema agizo lilitoka kileleni."

"Dada amechanganyikiwa."

"Anasema alisimama pale kwenye bega la mlima, akalipokea, akakupa."

"Nimeshasema amechanganyikiwa. Afande, mbona unanizungusha? Nilifunga mimi, niandike mimi, tumalize."

"Mtu anazama, anarushiwa kamba, yeye anatoa kisu anaikata." Inspekta aliinama mbele. "Mimi kazi hii nimeanza wewe ukiwa unaendesha baiskeli ya matairi matatu. Wanaokataa kosa nimewaona wengi. Wanaokataa msaada ni wachache, na wote walikuwa wanaficha kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Mtu."

Kwa mara ya kwanza Fundi aliinua macho. Lakini hakumtazama yeye. Macho yalipita juu ya bega lake, yakatoka mlangoni, yakatua ukutani mwa karakana, kisha yakarudi haraka kama yaliyoungua.

Inspekta aliinuka bila kusema asante.

Ukutani kulikuwa na misumari mitatu. Wa kwanza ulikuwa mtupu. Hapo ndipo kipara kilipokuwa kikikaa. Wa pili ulining'iniza tairi la meno marefu, mpira mgumu, limejaa tope jeusi ambalo halijakauka. Wa tatu ulining'iniza tairi jingine la meno marefu, lakini jipya, bado lina vile vinywele vya mpira linavyotoka navyo kiwandani. Inspekta alilibonyeza kwa ukucha. Alama ilizama, ikakaa, ikachukua muda kurudi.

Chini ya misumari, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, herufi kubwa: HAPA HATUSEMI LAINI.

"Afande!" Sajini alifika akihema kwa furaha. "Umeliona na wewe? Laini! Nilikuwa nakutafuta. Kuna mshika bendera mmoja wa njiani, kule msituni, ana redio, na kabla ya mteremko wa pili alisikia mtu akisema, 'Mwambie abadilishe laini, haraka!' Sauti ilikuwa inakwaruza, hakumtambua. Unaona mchezo? Laini za simu! Wanabadilisha laini ili tusiwafuatilie. Ni mtandao mzima huu. Nimekamata simu ya Fundi, na kweli ana laini mbili!"

"Na ya pili ni ya nani?"

Sajini alikohoa. "Nimeipigia namba iliyopigwa sana. Amepokea msichana. Amenitukana mpaka ukoo wa mama yangu, akidhani mimi ndiye Fundi nimechelewa kupiga."

"Mrudishie simu yake. Chukua haya matairi mawili, na kile kipara kitoe kwenye gurudumu. Tunapanda."

Walipanda kwa pikapu hadi gari likakataa, wakaendelea kwa miguu. Sehemu ya juu, kutoka kileleni, ilikuwa changarawe iliyoshindiliwa. Maji yalipita katikati ya mawe na kuiacha kavu. Inspekta alikizungusha kipara juu yake, akakisukuma pembeni kwa uzito wake wote. Kilishika vizuri. Kilishika kuliko lile la meno marefu, ambalo meno yake yalipinda na kutikisika.

"Sasa hapa," alisema, "ungekuwa Mshale ungejua kwamba umefungiwa tairi baya?"

"Hapa lingenifurahisha," Sajini alikiri.

"Ndiyo. Limemdanganya hadi hapa."

Kisha njia ilipinda, ikaingia msituni. Ghafla kukawa giza la kijani na udongo mweusi wa kunata. Mizizi ilikatiza njia, mipana kama mapaja, imelowa, inang'aa. Gogo lilikuwa bado na alama ya rangi ya baiskeli. Inspekta alichuchumaa, akakiweka kipara juu ya mzizi, akakisukuma kidogo tu. Kiliteleza kama sabuni bafuni, karibu aende nacho. Akaweka lile la meno marefu lenye mpira mgumu. Lilishika udongo, lakini kwenye mzizi likaruka, tak! Akaweka lile jipya. Meno yaliuma udongo, na mpira ukalala juu ya mzizi, ukaukumbatia. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halikwenda popote.

"Mteremko wa kwanza alishuka na hili," akaliinua lile lenye tope. "Tope hili ni la leo, na ni la hapa. Akapita, lakini mzizi ulimtikisa. Mtu aliyetoka kutikiswa hapa, akipanda tena juu, ataomba tairi gani?"

"Hili jipya."

"Na ndilo lililobaki ukutani na vinywele vyake. Njia ina sehemu tatu, Sajini, changarawe, udongo na mizizi, na tairi la kuzifaa zote halijazaliwa. Mshale hakuchagua la kumpa mbio. Alichagua la kumvusha pale patakapomtupa. Aliomba kitu kimoja kule juu, kikafika kingine kule chini. Nataka kujua kiligeuka wapi."

"Kwa hiyo si mambo ya simu?"

"Si mambo ya simu."

Sajini alionekana kuumia kidogo.

Walipokuwa wakishuka walipita kwenye bega la mlima, uwanda mdogo wenye jiwe la kukalia, na hapo Inspekta alibonyeza redio yake. Akiita kileleni, alijibiwa. Akiita karakana, alijibiwa. Akamwambia mtu wa kileleni aite karakana mwenyewe. Kimya, mlima ulikuwa umekaa katikati. Bila mtu wa kusimama hapo begani, juu na chini hawasikilizani.

Waliporudi, mke wa Mshale alikuwa amefika kutoka hospitali. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba cha vipuri kwa sababu askari alimkataza kuingia, akizungumza na mdogo wake kupitia ubao wa mlango.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Umekula nini?"

"Dada, rudi hospitali."

"Wamesema nisubiri. Nimechoka kusubiri kule, nimekuja kusubiri huku."

Inspekta alimshika kiwiko, akamsogeza pembeni, karibu na ukuta ule wa misumari. "Mdogo wangu, pole. Nieleze hayo maandishi."

Mwanamke yule alitazama mkaa ukutani, na mdomo ukajaribu kutabasamu. "Hayo? Ni ya ndugu yangu. Mwaka jana Mshale alimwambia, nifungie laini. Yeye akakusudia tairi la mpira unaobonyea. Huyu akafunga tairi lisilo na meno, laini kama shavu. Jamaa akaishia mtaroni na mdomo umejaa majani. Tukacheka wiki nzima. Tangu hapo neno hilo limepigwa marufuku hapa. La kubonyea tunaliita teketeke. Lisilo na meno ni kipara. Ukisema laini unafagia karakana."

"Nani anazijua sheria hizo?"

"Sisi watatu. Meneja haingii humu, anaogopa grisi."

"Asubuhi, kwenye redio, Meneja alisema neno gani?"

"Alisema kipara."

"Neno lenyewe. Kama lilivyomtoka."

"Alisema..." Alikunja uso. "Kipara. Ndiyo maana yake, kwani alitaka nini kingine?"

*Ndiyo maana yake.* Inspekta alitazama mlango wa chumba cha vipuri, na sasa alijua Fundi alikuwa akimficha nani. Alijua pia kwamba mlango huo haungefunguka mpaka mwanamke huyu aliyesimama mbele yake, anayenuka dawa ya hospitali, avunjwe moyo.

Nje, injini iliunguruma ikipanda kilima. Gari la mahabusu.

"Mleteni Fundi," alisema. "Na Meneja. Mlango ufungwe."

Aliyapanga matairi matatu juu ya meza ya kazi: kipara, lenye tope, na lile jipya. Fundi aliletwa na pingu mikononi. Alipoyaona alisimama ghafla, hata Sajini akamgonga mgongoni.

"Afande, nimeshakiri. Haya ya nini?"

"Nyamaza kidogo, kaka. Mama, naomba unishikie kitu kimoja. Nipe tairi laini."

"Dada, usiguse kitu!"

Sauti ya Fundi iligonga bati. Lakini mkono ulikuwa umeshakwenda. Mke wa Mshale alikuwa ameweka kiganja juu ya kipara, akamgeukia mdogo wake kwa mshangao. "Kwani nimefanya nini?"

Inspekta hakumpa nafasi mtu yeyote kupumua. Alimgeukia Meneja. "Umeona? Mshika bendera amesikia redioni: mwambie abadilishe laini. Hapa karakana hakuna anayetamka neno hilo. Anayelitamka ni mtu asiyeingia humu. Wewe. Na laini ndiyo hii hapa aliyoishika. Wewe ndiye uliyemwagizia Mshale tairi la kumuua. Sajini, mvue Fundi hizo pingu, mvike huyu."

"Ngoja! Ngoja kwanza!" Meneja aliiachia saa yake. Jasho lilikuwa limeshinda marashi. "Mimi nimwagize kipara? Mimi? Mshale aliniambia anataka lile la mpira unaobonyea, nami nikalisema vilevile! Nilisema laini! Laini ni hii!" Alilikamata lile tairi jipya, akalibonyeza kwa vidole vyote mbele ya uso wa Inspekta. "Hii! Inabonyea! Nilisema laini, na nilisema sawa!"

Tone lilidondoka kutoka kwenye bati.

"Ulisema lini?" Inspekta aliuliza kwa upole.

Meneja alitazama saa yake.

"Na kwa redio ipi? Ile iliyokufa betri?"

Meneja alilirudisha tairi mezani polepole, kama linaweza kulipuka. "Wadhamini wangenitupa nje," alisema kwa sauti ndogo. "Wakisikia agizo lilipitia kwangu... Sikumtaka mtu afe. Nilidhani Fundi kakosea mwenyewe."

"Ulidhani, ukakaa kimya, ukamwachia pingu."

Lakini hakuna aliyekuwa akimtazama Meneja tena. Mke wa Mshale alikuwa ametazama mkono wake mwenyewe juu ya kipara. Alitazama tairi jipya. Alitazama maandishi ya mkaa. Midomo yake ilitembea bila sauti: laini, kipara. Laini. Kipara. Alikuwa amesikia neno lililokatazwa, na kwa kuwa ni mtu wa karakana, akalirekebisha kabla ya kulipitisha. Alikuwa amesaidia.

"Alisema laini," akasema.

"Dada."

"Alisema laini, nikakwambia kipara."

Sajini, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na nadharia yoyote, alitoa ufunguo, akafungua pingu za Fundi. Zile pingu hazikupata muda wa kupoa. Gari la mahabusu halikurudi tupu; Meneja alipanda nyuma, kwa kosa la kutoa maelezo ya uongo katika kesi ya mtu kufungwa, na marashi yake yakabaki karakana peke yake.

Ndipo dada akamkimbilia mdogo wake. Wakakumbatiana, wakalia kwa furaha, wakalia mpaka Inspekta akageuza uso na Sajini akaazima leso. Na juu ya mlima, mawingu yakapasuka na jua likachomoza.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka nukta yangu ya mwisho. Nikampelekea dada mtu karatasi zangu, nikakaa barazani kwake kusubiri sifa. Alisoma taratibu. Alipofika mwisho alinitazama juu ya miwani.

"Mzee, jua lilichomoza jioni?"

Nikajikuna kisogo.

"Na nani alikumbatiana?"

"Nilidhani kwa hali ile, ndugu wa damu..."

"Ulidhani. Na Meneja naye alidhani. Andika ilivyokuwa, au futa jina langu."

"Jina lako halimo."

"Basi futa baiskeli."

Nimekamatwa. Nalipa. Ilikuwa hivi.

Gari lilipoondoka, karakana ilibaki na watu wanne na matairi matatu. Hakuna aliyemkimbilia mwenzake. Fundi alikuwa akijisugua kifundo cha mkono. Dada yake alikuwa bado upande wa pili wa meza.

"Ulijua," alisema.

"Sikuwa na hakika. Kipara kwenye mvua kilinishangaza, lakini nilidhani Mshale anataka mbio za kule kwenye changarawe."

"Tangu lini?"

"Walipokuja kusema ameanguka. Nilitazama ukutani, nikaona teketeke bado limening'inia. Nikajua neno limegeuka njiani. Ama kwa Meneja, ama kwako."

"Ukanyamaza."

"Ungeishije na jambo hilo, dada?"

Alizunguka meza. Alimpiga kofi ambalo askari wa nje alilisikia, na Inspekta hakuinua mkono kumzuia. "Na ungefungwa," alisema, sauti ikimkatika, "ningeishije na hilo? Nani alikutuma unichagulie?"

Shavu lilikuwa likimwiva Fundi.

Simu ya dada ndiyo iliyolia. Aliiweka sikioni, akasikiliza, akashika ukingo wa meza. "Amesogeza vidole vya miguu," alisema, akiwaambia wote na kutomwambia yeyote. Kisha akasikiliza tena, na uso ukamkaza. Muuguzi alikuwa akisema jambo.

"Nini?" Fundi aliuliza.

"Amezinduka. Anauliza nani kamfungia kipara."

"Mwambie ni mimi." Fundi alinyoosha mkono. "Dada, nipe simu. Anaumwa, asisikie mengine. Mwambie ni mimi, basi, imekwisha."

Aliisogeza simu mbali na mkono wake.

"Dada muuguzi," alisema, "mwambie ni mke wake. Na mwambie asilale, nakuja kumweleza mwenyewe."

Sajini alikuwa amesimama katikati ya mlango. Alisogea.